Uzi maalumu: Kipandauso, maumivu sugu na mwanga wa kijani. Jicho linavyoiamsha dawa iliyomo ndani ya ubongo

Mwalimu wa Kihonda:

Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia. Nimeuandika kwa ajili ya wale wanaojua maana ya kulala sakafuni mchana kweupe, kitambaa kilicholoweshwa maji kikiwa machoni, na khanga imesokomezwa chini ya mlango ili ule mstari mwembamba wa mwanga usipenye. Mimi ni mmoja wao. Kipandauso kilinianza nikiwa kidato cha pili, na mwaka huu kimetimiza miaka 21.

Anayekijua hana haja ya kuelezwa. Vinaanza vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha upande mmoja wa kichwa unagonga sawasawa na mapigo ya moyo, tumbo linachafuka, na mwanga unageuka adui. Jirani yangu aliezeka bati jipya mwaka juzi. Jua la saa saba likilipiga bati lile, nahisi kama sindano inaingia nyuma ya jicho la kushoto. Basi miaka yote hiyo niliamini kwamba mwanga ni sumu na giza ndiyo dawa. Ninafundisha biolojia, na hata hivyo sikuwahi kujiuliza ni mwanga gani hasa unaoumiza, na unapita njia ipi hadi kufika kwenye maumivu.

Swali hilo lilijibiwa kwa namna iliyonishangaza na madaktari wa Boston, Marekani, Rodrigo Noseda na Rami Burstein wa hospitali ya Beth Israel Deaconess. Mwaka 2010 walitoa utafiti wao juu ya vipofu wenye kipandauso. Fikiria hapo: kipofu, halafu unamuuliza kama mwanga unamuumiza kichwa. Wapo ambao macho yao yaliondolewa au mshipa wa fahamu wa jicho umekufa kabisa, hao mwanga haukuwafanya kitu. Lakini wapo wengine ambao hawaoni sura wala umbo, ila wanatambua kwamba hapa pana mwanga na pale pana giza. Hao mwanga uliwaongezea maumivu kama unavyoniongezea mimi.

Maana yake ni kwamba jicho lina kazi nyingine nje ya kuona. Kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, tulizoea kufundisha aina mbili za seli zinazopokea mwanga: fito kwa ajili ya mwanga hafifu, na koni kwa ajili ya rangi. Ipo na aina ya tatu, yenye kemikali iitwayo melanopsini, inayopenda hasa mwanga wa bluu. Seli hizo ndizo zinazouambia mwili sasa ni usiku au mchana, na ndizo zinazosaidia mboni kusinyaa. Watu wa Boston waliona kwamba nyuzi zake zinaingia ndani ya thalamasi, kile kituo cha katikati ya ubongo, na huko zinakutana na nyuroni zilezile zinazobeba maumivu kutoka kwenye utando unaoufunika ubongo. Nyaya mbili, kituo kimoja. Taa ikiwaka, nyuroni ya maumivu nayo inapiga kelele zaidi.

Hiyo ndiyo nusu niliyokuwa nikiiishi bila kuijua. Nusu ya pili inafuata, nipeni dakika chache mtoto alale.

Fundi Cherehani:

Mwalimu, hiyo ya khanga chini ya mlango umenigusa. Nilidhani ni mimi peke yangu. Naweka kambi hapa.

Mwalimu wa Kihonda:

Nimerudi.

Mwaka 2016 timu ileile ya Boston iliwaketisha wagonjwa wakiwa katikati ya shambulio la kipandauso na kuwaonyesha rangi moja baada ya nyingine: bluu, nyekundu, kaharabu, nyeupe na kijani. Mwanga ulipofikia ukali wa ofisi yenye taa za kutosha, karibu asilimia 80 walisema maumivu yamezidi, kwa rangi zote isipokuwa kijani. Kijani kilikuwa na ajabu zaidi, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa kilipunguza maumivu kwa kama asilimia 20. Walipopima umeme unaotoka kwenye retina na unaofika sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulika na kuona, kijani ndicho kilichotoa mawimbi madogo kuliko rangi nyingine. Kwa panya pia, kijani kilizishtua nyuroni za thalamasi kwa kiasi kidogo kuliko rangi nyingine.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema kijani hakina nguvu, ndiyo maana hakiumizi. Mimi ningesema hivyohivyo, ingekuwa si yaliyofanyika Tucson, Arizona.

Huko yupo daktari wa maumivu, Mohab Ibrahim, wa Chuo Kikuu cha Arizona. Amesimulia hadharani kwamba wazo lilitoka kwa ndugu yake, ambaye kichwa kikimuuma huenda kukaa bustanini kwenye miti mpaka kitulie. Wengi wetu tungemwambia ndugu huyo pole na tukaendelea na shughuli zetu. Ibrahim alijiuliza kuna nini kwenye ule ukijani. Akishirikiana na Rajesh Khanna na wenzao, matokeo yakatoka mwaka 2017.

Walichofanya ni hiki. Panya waliwekwa kwenye vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, nje yake zimezungushwa taa za LED za kijani, zenye urefu wa wimbi wa nanomita 525. Saa 8 kwa siku, siku 5. Kisha wakapima panya anachukua muda gani kuondoa mguu kwenye joto. Waliokaa kwenye kijani walistahimili muda mrefu zaidi. Na panya waliokuwa wamefungwa mshipa wa fahamu makusudi ili wapate maumivu sugu, yale ambayo hata kuguswa na unyoya kunauma, nao walipata nafuu. Taa zilipozimwa nafuu ilibaki hadi siku 4. Na tusidhani walimulikwa kwa taa za uwanja wa mpira, maana kiasi kidogo kama luksi 4 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kilitosha. Huo ni mwanga hafifu sana, wa kutambua njia ukielekea chooni usiku.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Je, kijani kinapita kwenye ngozi au kwenye jicho? Waliwatengenezea panya lenzi ndogo za kuvaa machoni! Kundi moja likavaa lenzi za kijani na kukaa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba: nafuu ikapatikana. Kundi jingine likavaa lenzi zisizopitisha mwanga, likawekwa kwenye taa za kijani mwili mzima: hakuna nafuu. Kwa hiyo mlango ni jicho. Manyoya na ngozi vilioga kijani siku 5 bila faida yoyote.

Kisha wakawadunga naloksoni. Wauguzi mnaifahamu, ni dawa inayomrudisha mtu aliyezidisha heroini au mofini, kwa sababu inaziba zile kufuli ambazo afyuni hujichomeka. Panya walipodungwa naloksoni, nafuu ya kijani ikapotea. Hapo nilisimama nikazunguka chumba. Hakuna aliyewapa panya wale mofini. Kama naloksoni inaifuta nafuu, basi mofini iliyokuwa ikifanya kazi ni ya kwao wenyewe, imetoka ndani ya miili yao.

Mofini hiyo ya ndani ina jina. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Scotland, waliichuja kutoka kwenye ubongo wa nguruwe na kuiita enkefalini. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti. Habari ya maumivu inapanda kutoka mguuni, inaingia kwenye ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa neva uliomo ndani ya pingili, na kuelekea kichwani. Lakini ipo na njia inayoshuka, kutoka kwenye shina la ubongo kurudi chini kwenye ugwe, nayo inaweza kufunga geti ili habari isipite. Ndiyo maana mtu huvunjika kidole kwenye ajali na asijue mpaka amefika nyumbani. Watafiti wa Tucson walipotia ganzi sehemu ya shina la ubongo inakoanzia njia hiyo, kwa lidokaini ileile ya daktari wa meno, nafuu ya kijani ilizimika. Na enkefalini ndani ya ugwe wa mgongo ilikuwa imeongezeka.

Ninaowafundisha huniuliza, mwalimu, maumivu yako kwenye kidonda au kichwani? Sasa nina jibu zuri zaidi la kuwapa.

Kipanga Mweusi:

Mwalimu heshima yako, ila niseme ukweli. Mambo ya mwanga wa rangi kutibu nimeyasikia tangu utotoni, na kila mara mwisho wake ni mtu kuuza taa. Panya ni panya. Kuna binadamu aliyepona?

Mwalimu wa Kihonda:

Mkuu, swali la haki kabisa, na siuzi taa.

Ndiyo, binadamu wamejaribiwa. Timu ya Ibrahim ilichukua watu 29 wenye kipandauso ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia: 7 wa kile kinachokuja na kuondoka, 22 wa kile sugu, cha siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwanza walitumia taa nyeupe wiki 10, wakapumzika wiki 2, ndipo wakatumia ya kijani wiki 10. Saa 1 hadi 2 kila siku, nyumbani, kwenye chumba kisicho na taa nyingine, macho wazi, ruksa kusoma au kusikiliza redio, marufuku televisheni. Wale 7 walishuka kutoka siku kama 8 za kichwa kwa mwezi hadi 2 na kitu. Wale sugu kutoka siku 22 hadi 9. Maumivu yenyewe yalishuka kutoka 8 hadi 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Taa nyeupe haikuwapa nafuu ya maana, na hakuna aliyeripoti madhara.

Udhaifu wake? Watu 29 ni wachache. Na huwezi kumficha mtu kwamba taa iliyo mbele yake ni ya kijani, kwa hiyo matumaini yake nayo yanaingia kwenye hesabu. Wote walianza na nyeupe, hakukuwa na kundi lililoanza na kijani. Nikiwa mwalimu ningewapa alama nzuri na kuwaambia warudie kwa watu wengi. Lakini sitawaweka kapu moja na wauza taa, kwa sababu wao wameonyesha njia inavyopita ndani ya ubongo, hatua kwa hatua, na wengine walioko mbali nao wameifuatilia njia hiyo.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walikwenda ndani zaidi kwa kutumia panya wadogo, wakiwemo wenye uvimbe wa viungo. Waliziua seli za retina aina moja baada ya nyingine ili waone ipi inahitajika. Seli za melanopsini zilipoondolewa, nafuu ilibaki. Koni zilipoondolewa, nafuu ilipotea. Fito zilichangia kiasi. Umeona hapo? Njia hii inayotuliza haizihitaji zile seli za melanopsini zilizotajwa kwenye njia inayoumiza, ingawa jicho ni lilelile. Kutoka kwenye retina habari inaingia kituo kidogo kilicho jirani na thalamasi, chenye nyuroni zinazotengeneza enkefalini, na hizo zinatuma nyuzi hadi kiini cha rafe kwenye shina la ubongo. Walipoizima enkefalini kwenye kituo kile, kijani hakikuwa na la kufanya tena.

Nesi wa Zamu:

Nimesoma neno kwa neno nikiwa zamu ya usiku. Mwalimu, hii inanikumbusha kitu ninachokiona wodini kila wiki: wagonjwa wa upasuaji waliolazwa upande wa dirisha huita dawa ya maumivu mara chache kuliko wa kona ya ndani. Wenzangu husema ni bahati tu.

Mwalimu wa Kihonda:

Dada yangu, usiiachie bahati. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali moja ya Pittsburgh, wagonjwa 89 waliopasuliwa uti wa mgongo. Upande mmoja wa jengo ulikuwa na jua, mwingine umezibwa na jengo la jirani. Wa upande wa jua walipata mwanga zaidi kwa asilimia 46, na walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22 kila saa. Gharama ya dawa ikashuka asilimia 21. Na kabla ya hapo, mwaka 1984, Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 wa upasuaji wa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania: waliotazama miti dirishani walihitaji dawa kali chache na wakaruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Hapo ni mwanga mwingi wa mchana, si kijani hafifu, kwa hiyo tusivichanganye. Lakini nao una njia yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jinan, Guangzhou, walionyesha mwaka 2022 kwamba mwanga mkali, luksi 3,000, huwatuliza panya maumivu kwa kupitia kituo hichohicho cha jirani na thalamasi hadi kwenye eneo la kijivu lililozunguka mfereji wa katikati ya ubongo. Eneo hilo ndilo bosi wa ile njia inayoshuka kufunga geti. Pazia la wodi yako lina uzito kuliko wanavyodhani, dada. Ila mgonjwa wa kipandauso usimfungulie, huyo jua litamwua.

Fundi Cherehani:

Naomba kuuliza. Chumba changu nikibandika nailoni ya kijani kwenye taa, au nikavaa miwani ya kijani ya pale stendi, si itakuwa yaleyale? Na kukaa chini ya mwembe je?

Mwalimu wa Kihonda:

Mwembe hauna ubaya wowote, kaa. Lakini nailoni na miwani ya stendi ni jambo jingine. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake, na nailoni nyingi za kijani huachia bluu na njano zipite. Bluu ikipita, zile seli za melanopsini zinaamka, na unarudi kulekule kwenye kuumizwa. Waliofanikiwa walitumia LED inayotoa kijani peke yake. Kama unataka kujipima, chukua sahani ya zamani ya CD, iangazie taa yako usiku chumba kikiwa giza, utazame rangi zinazojitokeza. Ukiona mkanda wa bluu au mwekundu umejipanga pembeni ya kijani, taa hiyo si yenyewe. Nimewafanyia wanafunzi jaribio hilo, na taa mbili kati ya tatu tulizoletewa zikiitwa za kijani zilikuwa nyeupe zilizopakwa rangi.

Na jambo lililonigharimu mimi miaka: vidonge. Nilikuwa nameza paracetamol karibu kila siku, hata kabla kichwa hakijaanza, kwa hofu. Mtu mwenye kipandauso anayetumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kingine kinacholetwa na dawa zenyewe. Kwa zile za mchanganyiko inatosha siku 10. Kituo nilichokuwa nikitibiwa waliniandikia nyingine juu ya zile, hakuna aliyeniuliza nameza ngapi. Fundi, hesabu vidonge vyako kabla hujanunua taa.

Kipanga Mweusi:

Nimeelewa mwalimu, na nafuta neno langu la wauza taa. Mama mkwe wangu ana magoti, mwaka wa sita sasa. Nimjaribishie?

Mwalimu wa Kihonda:

Mkuu, kwa magoti ya binadamu sijaona majaribio ya kutegemewa, ni wale panya wa Shanghai tu. Timu ya Tucson ilijaribu pia kwa watu 21 wenye faibromayalgia, maumivu ya mwili mzima, na walipata nafuu, ila nao ni wachache. Taa haitamdhuru mama. Kitakachomdhuru ni akiacha dawa yake na mazoezi kwa sababu mkwe amemletea taa. Mwambie ni nyongeza, na mfanyie daftari: kila jioni aseme namba, 0 hadi 10, wiki 4 kabla ya taa na wiki 10 akiwa nayo.

Na wote mnaosoma: kichwa kilichokuja ghafla kama radi na kufika kileleni ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo ngumu, chenye kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito, kichwa cha mjamzito anayeona ukungu, au kichwa kipya kabisa kwa aliyevuka miaka 50, hivyo vyote ni hospitali usiku huohuo. Msikae navyo kwenye kijani.

Nesi wa Zamu:

Hiyo ya mjamzito naomba mwalimu uikoleze wino. Tumewapokea waliochelewa kwa kudhani ni kichwa tu.

Mwalimu wa Kihonda:

Imekolezwa, dada. Mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu apimwe presha sasa hivi, asisubiri asubuhi.

Fundi Cherehani:

Mwalimu, na wewe mwenyewe? Umejaribu?

Mwalimu wa Kihonda:

Nimejaribu, leo ni wiki ya 7. Saa 2 usiku, nikishamaliza kusahihisha, nazima taa kubwa, nawasha ile ndogo juu ya kabati la vyombo, nashona au nasikiliza redio saa moja na nusu. Ukuta wote unakuwa kama ndani ya jani. Kabla ya hapo daftari langu lilikuwa na siku 11 kwa mwezi. Mwezi uliopita siku 7. Vidonge nimepunguza kwa usimamizi wa daktari, kwa hiyo siwezi kusema 4 hizo zimeondolewa na nini kati ya hivyo viwili, na nisingependa mtu aninukuu kwamba taa ndiyo iliyofanya.

Ila Jumanne shambulio lilikuja. Nilienda sakafuni kama kawaida, kitambaa machoni. Baada ya nusu saa nikamwita binti yangu awashe ile ya kijani. Nikakitoa kitambaa. Nikakaa macho wazi, namtazama anavyoandika kazi yake ya shule pembeni yangu, na sikuhitaji kuyafumba.

Wiki ya 10 ikifika nitaleta daftari lote hapa.